Sauti ya Mama Jukwaani

Juzi nilikuwa Kawangware, pale steji ya 56, nimeketi saluni nasukwa nywele, msusi akafungua video ya mchekeshaji kwenye simu na kuiegemeza kwenye kioo ili sote tuone. Mchekeshaji alikuwa amejifunga leso kiunoni anaigiza mama muuza samaki, na kila alipofungua kinywa alitoa ile lafudhi yetu ya watu wa ziwani. Saluni nzima ilicheka. Mimi nilikasirika hadi nikatamani kuondoka na kichwa nusu. Najua utaniuliza, hasira yote hiyo ya nini, si ni mchezo tu? Basi sikiliza.

Shule yetu ya upili ilikuwa hapo hapo Kawangware, nyuma ya maduka ya hadiwea. Mimi nilitoka Kibera kila asubuhi kwa miguu, nikifika viatu vimebadilika rangi kwa vumbi au kwa matope, kutegemea majira. Ijumaa sikuona uchovu wa njia, kwa sababu Ijumaa alasiri tulikuwa na vipindi viwili vya Kiingereza mfululizo. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyetoka chuo karibuni, na alikuja na mkebe wa kahawa uliojaa vikaratasi vilivyokunjwa. Ulichomoa kimoja, ukasoma mada, ukasimama mbele ukaongea papo hapo. Mimi niliwahi kuchomoa "ndoo", na niliiongelea ndoo mpaka kengele ikalia, maana kwetu ndoo haikosi habari. Jirani yetu ukutani alikuwa na posho mill, kinu cha kusagia mahindi, kwa hiyo tulijifunza kupaza sauti juu ya kelele zake huku unga ukitunukia. Mvua ikinyesha juu ya mabati, msemaji alisimama tu akangoja, na darasa zima likangoja naye.

Kwenye insha hali ilikuwa tofauti. Sote tulikuwa tumekariri mwanzo mmoja tangu shule ya msingi, wa miale ya jua kupenya pazia la dirishani, ilhali wengi wetu tulilala vyumba visivyo na dirisha. Siku moja mwalimu alisoma insha hizo moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu aliyechoka, kisha akafunga vitabu. Akatuambia twende nyumbani tukaandike kuhusu mtu ambaye tunaweza kumsikia hata tukifumba macho.

Mimi nilimwandika mama. Mama aliuza mgongo wazi Kibera, kando ya reli. Kama hujawahi kuula, huyo ni samaki mbuta ambaye viwanda vimechukua minofu yake yote na kutuachia kichwa, mifupa na mkia. Mama aliukaanga hadi mifupa ikatafunika, na watu wakitoka kazini aliwaita kwa sauti iliyovuka reli: "Sika ikiwa moto, itapoa ulie." Alitaka kusema shika, lakini sauti hiyo haikukaa kinywani mwake, na kinywani mwangu haikukaa pia. Niliandika jinsi alivyogeuza samaki bila kuangalia karai, alivyomjua kila mteja kwa mwendo wake, alivyogombana na kusamehe katika pumzi moja. Nilikiandika Kiingereza kile kama ambavyo mama angekiongea, na sijawahi tena kuandika kitu kwa raha namna ile.

Mwalimu aliipenda, akasema hiyo ndiyo itakayotuwakilisha kwenye mashindano ya shule za mtaa, katika ukumbi wa kanisa. Nilifanya mazoezi mbele ya darasa mara nyingi sana hadi wenzangu wakaijua kwa moyo. Nyumbani nilimwambia mama kwamba nitasimama mbele ya watu nimsimulie yeye. Akaenda kwa fundi kushonesha upya pindo la rinda lake la kanisani.

Jumamosi ya mashindano mama hakuwasha jiko. Alikuja Kawangware na jirani yake muuza omena, wakaketi safu ya kati. Shule zilizotangulia zilileta watoto wanaoongea Kiingereza cha kuteleza, na nilimwona mwalimu wetu akijifuta jasho. Mwalimu mkuu alikuwa amemwonya kwamba kikombe kikikosekana mwaka huo, vipindi vya Ijumaa vitageuzwa kuwa vya hesabu. Basi mwalimu wetu akaniita nyuma ya pazia pamoja na mwenzangu wa dawati, binti wa mwenye ploti ya nyumba za kupanga, aliyesoma akademia ya kibinafsi kabla ya kuja kwetu.

"Hadithi ni yako, hakuna mtu anakunyang'anya," akaniambia. "Lakini hawa majaji wanakata maksi mtu akishrub. Wacha mwenzako aiseme."

Kushrub, kwa ambaye hajachekwa kwa ajili yake, ni kuongea Kiingereza huku lugha ya kwenu ikisikika. Sikubishana. Nilipewa kibegi cha mwenzangu na chupa yake ya maji nishike, nikasimama pembeni, na kutoka pale nilimwona mama akinyoosha shingo kunitafuta.

Binti wa mwenye ploti alianza vizuri, neno baada ya neno langu. Alipofika pale mama anapoita wateja, akashika kiuno, akabetua midomo, akaongea kwa lafudhi ya kwetu. Aliitia chumvi. Ukumbi ukaangua kicheko. Alipoona wamependa, akaendelea hivyo hadi mwisho, akitembeza makalio kando ya karai la kubuni, yeye ambaye hakuwahi kukaribia la kweli maishani mwake. Majaji walifuta machozi ya kucheka. Kikombe kilikuwa chetu, na jaji mkuu alisimama akamsifu kwa jinsi alivyoiweza lafudhi ile.

Umenisikia vizuri. Kinywa changu kilizuiwa kupanda jukwaani kwa sababu ya lafudhi, na lafudhi hiyo hiyo, ikiigizwa na asiye nayo, ikatuletea kikombe. Nimeizungusha kichwani miaka yote hii na bado inanichoma. Mwalimu nilimpenda, na pengine aliogopa tu, lakini sijamsamehe.

Mama alinikuta getini. Jirani yake alikuwa ametangulia mbele, nadhani makusudi. Kiingereza cha mama kilikuwa kidogo, lakini sauti yake mwenyewe alikuwa ameitambua.

"Huyo mama walikuwa wanacheka," akauliza, "ni mimi?"

Nilimwambia ni hadithi tu. Aliniangalia, akachukua begi langu la vitabu akalibeba yeye, na tukatembea hadi Kibera.

Ijumaa zetu ziliokolewa. Mkebe uliendelea kuzunguka darasani, na kila ulipofika kwangu niliupitisha kwa aliye nyuma. Leo pale shuleni wamejenga fleti, na yule mwalimu nasikia alienda kufundisha nje ya nchi. Watoto wa siku hizi nawasikia njiani wakiongea Kiingereza cha kuteleza hata wakigombana, na sijui kama nifurahi.

Jumatatu iliyofuata mashindano yale nilimkuta mama amekaa nyuma ya karai, samaki wako tayari, watu wanapita, naye hajaita mtu. Nilipoketi kumsaidia kufunga, akaniinamia ili wengine wasisikie.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, kama alivyoniita tangu utotoni, "nifundise kuongea kama yule msichana."

Ningemfundisha kwa ulimi upi, na wangu alinipa yeye? Nilisema sawa, tutajaribu, na hatukujaribu. Miaka yote iliyobaki kabla hajarudi nyumbani ziwani, mama aliuza samaki wake kimya, na wateja wakazoea kumwonyesha kwa kidole wanachotaka.