Sifa za Kujiunga, na Dole Gumba la Mwanakheri

Mwaka 1981 Nachingwea ilikuwa na upungufu wa sabuni, mafuta ya taa, betri, na watu wenye sifa za kusoma shahada ya pili. Sabuni ilipatikana kwa kujuana. Mwenye sifa alikuwa mmoja tu: Teodosia, ofisa ustawi wa jamii, mzaliwa wa Mbinga, aliyepangiwa wilaya hiyo kwa kosa ambalo hakuambiwa.

Teodosia alitaka kusomea saikolojia ya mahakama. Ni elimu ya kuchungulia akili ya mshtakiwa kabla sheria haijachungulia shingo yake: alitenda akijua, au alitenda akili ikiwa safarini? Chuo kimoja cha Uingereza kiliifundisha, na kulikuwa na ufadhili. Masharti aliyajua kama Baba Yetu. Shahada ya kwanza yenye saikolojia ndani yake, daraja la pili la juu. Anayo, ya ualimu, kutoka chuo kikuu cha Mlimani, saikolojia imo kama nyama ndani ya sambusa ya kantini, ukiitafuta utaiona. Miaka miwili ya kazi na washtakiwa, anayo mitatu. Wadhamini wawili, mwalimu wake mmoja na ofisa mmoja wa mahakama. Na ripoti ya mshtakiwa aliyemhoji yeye mwenyewe, yenye mhuri wa mahakama. Akishaingia ndipo angekutana na takwimu, mazoezi ya gerezani, na tasnifu ndefu kuliko hotuba ya kupokea mwenge. Hayo hayakumtisha. Cha kutisha kilikuwa huku huku.

Maana kulikuwa na sharti ambalo Waingereza hawakulijua: tawi la chama.

"Ndugu Teodosia," aliuliza Bwanali, mwenyekiti wa tawi, "yaani taifa likupandishe ndege ukasomee wahalifu?"

"Akili zao, ndugu mwenyekiti."

"Wahalifu tunao hapa hapa, wa kutosha. Huwezi kukaa nao ukasoma?"

"Nataka wagonjwa wasifungwe pamoja nao."

Bwanali alifikiri. "Ekari yako ya shamba la tawi umeipalilia?"

Hakuwa ameipalilia. Aliipalilia Jumamosi, viganja vikatoka malengelenge, Jumatatu akapewa sahihi. Ndivyo ilivyothibitishwa kwamba akili yake inafaa kwa masomo ya juu.

Ikabaki ripoti, na hapo Mungu, au yule mwingine, akamletea Mwanakheri.

Mwanakheri alikuwa bibi wa Kimwera, mkulima wa kijiji kimoja upande wa Ruangwa, aliyeshtakiwa kuteketeza kwa makusudi mikorosho ya shamba la kijiji. Miaka ya nyuma, wakati wa kuhamishiwa vijijini, nyumba yake ilichomwa na mgambo, na moto ule uliitwa maendeleo. Wa kwake uliitwa uhalifu. Mahakamani hakutamka neno. Kila akiulizwa alijifunika kanga usoni, akageukia ukuta. Hakimu Methodius, mtu wa Bukoba, aliuliza kwa upole, kisha kwa sheria, kisha kwa kugonga meza. Mkalimani Halfani aligeuza kila swali kuwa Kimwera huku akitazama dari, jasho likimchuruzika. Ukuta haukujibu.

"Huyu mama si mzima," hakimu alimwambia Teodosia baadaye. "Niandikie ripoti nimpeleke hospitali ya wagonjwa wa akili, Dodoma. Ukitaka, itumie na kwa chuo chako. Nitaigonga mhuri, na mdhamini wako wa mahakama nitakuwa mimi."

Teodosia alikwenda mahabusu na Halfani, akamhoji bibi, yaani akaihoji kanga. Aliandika kurasa sita za Kiingereza kitamu. Ububu uliotokana na mshtuko wa kuchomewa nyumba. Kukimbia nyuso za watu. Aliandika hata kwamba mkalimani, mwanamume mzima, alishindwa kumtazama mshtakiwa, dalili kwamba wenyeji wanamwogopa. Mhuri ukagongwa, bibi akabaki mahabusu akingoja lori la Dodoma. Chuo kikajibu kwa sifa tele: nafasi ipo, ila kimesahaulika kitu kimoja, idhini ya mhojiwa, kwa sahihi au dole gumba.

Siku aliyokwenda na wino, Halfani alikuwa Ruangwa kupeleka samansi. Teodosia hakujua Kimwera. Alitegemea kutumia ishara za mikono. Alimkuta Mwanakheri mlangoni mwa mahabusu, uso wazi, akichambua mboga za askari.

"Hujaja naye?" bibi aliuliza, kwa Kiswahili cha gulioni.

Teodosia aligeuka kuona ni nani aliyesema.

"Nani, bibi?"

"Mkwe wangu. Yule msema-sema."

"Halfani?"

"Usinitajie, mwanangu. Kamwoa binti yangu. Mimi nikae mbele ya mkwe nifungue mdomo? Kwetu hatutazamani. Nyie serikali mkamsimamisha pale aniulize kama nimechoma. Nikasema haya, adhabu imeshaanza."

"Kwani ulichoma?"

"Nilichoma magugu ya kwenye mahame yangu, pale mlipotuhamisha. Upepo ukageuka. Nilipiga yowe mpaka koo likakauka. Waulize waliokuja kuzima." Alijifuta mkono, akaunyosha. "Umeleta wino. Nitie wapi?"

Dole gumba lilikuwa mbele yake, gumu, lenye nyufa za udongo. Lilihitaji kugandamizwa tu. Karatasi ingepanda ndege, Teodosia angeifuata. Bibi angepanda lori la Dodoma.

"Inasema nini hiyo?"

"Inasema una kichaa, bibi."

"Aa." Mwanakheri alilitazama dole lake. "Na wewe unapata nini?"

"Masomo."

"Ya nini?"

"Ya kumjua mwenye kichaa."

Mwanakheri hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Teodosia alifunika wino, akaondoka na karatasi isiyo na dole.

Halfani aliporudi alimkuta Teodosia akimsubiri kwenye ngazi za mahakama.

"Kwa nini hukusema ni mkweo?"

"Dada, watu wote waliokaa kwenye mabenchi walikuwa wanajua. Tulidhani na serikali inajua, imeamua kumkomesha."

"Ungejitoa."

"Mkalimani wa Kimwera ni mimi peke yangu, na mshahara huu ndio unaomlisha binti yake. Halafu kazi yangu ni kutafsiri. Palisemwa neno gani la kutafsiri?"

Kwa hakimu mambo yalikuwa mafupi zaidi.

"Unataka niseme nilimwona mtu kichaa kwa sababu ana adabu?" Methodius aliuliza. "Ripoti yako ina mhuri wangu. Mhuri hauwezi kusema leo hivi, kesho vile."

"Basi nitasema mimi, mheshimiwa."

"Sema. Ila na mdhamini utafute mwingine."

Teodosia alirudi nyumbani kwake, mojawapo ya nyumba zilizoachwa na Waingereza wa mradi wa karanga, watu waliokuja na shahada za kila aina wakashindwa kuotesha karanga. Alijiambia kwamba hospitali si gereza, bibi angetibiwa. Angetibiwa nini? Alijiambia kwamba akisoma angeokoa mamia baadaye, na mmoja ni mmoja tu. Akachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, akalijaribu kwenye karatasi chakavu. Lilitoka safi. Nani huko Uingereza angejua? Alilisugua dole kwa majivu, maana sabuni hakuna, na weusi haukutoka. Aliingia nao mahakamani.

Alisimama akaomba mkalimani abadilishwe, akaeleza sababu, akaeleza na kosa lake. Kwenye mabenchi watu waliguna kama waliochoka kungoja. Aliletwa katekista Anselmo, ambaye si mkalimani ila Kimwera anakijua, akaapishwa. Halfani akatoka nje. Mwanakheri akafunua uso, akasema, akasema tena, mpaka hakimu akaomba maji. Waliozima moto wakalithibitisha yowe. Ikaamuliwa kwamba moto ulikuwa wa bahati mbaya. Bibi apande mikorosho mingine, aende zake. Hakimu hakumtazama Teodosia.

Ripoti ya pili Teodosia alimsomea bibi kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na bibi akatia dole. Aliituma pamoja na maelezo kwamba ile ya kwanza ilikuwa makosa. Majibu yalichelewa mpaka ekari yake ikaota magugu tena. Chuo kilivutiwa sana na uaminifu wake. Lakini masharti yalikuwa wazi: ripoti iwe na mhuri wa mahakama, na mdhamini mmoja awe wa mahakama. Ripoti ya makosa ilikuwa na vyote viwili. Nafasi amepewa mwingine.

Alikuwa bado ameishika barua Mwanakheri alipoingia ofisini na kikapu cha mihogo.

"Umekonda, mwanangu. Masomo yako yakoje?"

"Nimekosa, bibi."

"Kwa ajili yangu?"

Mlango ukasukumwa, Halfani akaingiza kichwa kuulizia faili. Kanga ikapanda usoni, bibi akageukia ukuta. Halfani akaganda kizingitini macho darini, hajui aingie au atoke.

Teodosia aliiweka barua mezani. Machozi yalikuwa yanamjia, na hakutaka mfanyakazi mwenzake ayaone. Akasogea karibu na bibi, akageukia ukuta naye, wakasubiri mlango ufungwe.