Siku Tuliyokataza Zawadi

Nakumbuka siku moja pale kwangu Lurambi, mwanangu, sebule ilijaa wanawake waliovaa wakapendeza, na hakuna hata mmoja aliyejua aiweke wapi mikono yake.

Wakati huo sikuwa na mvi. Ayuma, binti wa kaka yangu, alikuwa karibu kuolewa, na kwa kuwa mimi ndiye senge yake, dada ya baba, shawa ya bibi harusi, ile sherehe ya wanawake kabla ya harusi, ilikuwa juu yangu. Zamani msichana alifundwa jikoni, wazee wakiwa wameketi kwenye mikeka. Siku hizi kuna hema na keki, lakini zawadi hazijawahi kukosa. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo Ayuma aliponiambia hataki mtu alete chochote, hata kijiko, nilidhani ana homa.

Akanieleza. Alipozaliwa, mama yake aliugua sana, na jirani yetu Mama Fanisi, aliyekuwa na mtoto mchanga, akamnyonyesha pamoja na wake. Baadaye Mama Fanisi alifiwa na mume, na maisha yakambana. Kwenye shawa ya dada yake Ayuma, zawadi ziliinuliwa juu moja moja na kutangazwa. Ulipoinuliwa mwiko wa Mama Fanisi, mtu akauliza kwa sauti sufuria iko wapi, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo hakuonekana tena katika sherehe yoyote.

"Nikiolewa bila yeye, senge, nitakuwa nimeolewa nusu," Ayuma aliniambia. "Wote wakija mikono mitupu, nani atamcheka?"

Maneno yake yalinigusa, ingawa sikuyaelewa vizuri. Nikapiga simu huku na huku kuwaambia wanawake wasilete kitu. Wengine walidhani tumekasirika nao. Shemeji yangu wa Butere aliuliza kama harusi imevunjika. Hata mimi nilikuwa najiuliza.

Basi siku ikafika, na wakaja. Mwanangu, hujawahi kuona watu wamekosa raha hivyo. Mgeni huingia na mzigo, mzigo ukapokewa, salamu zikaanzia hapo. Sasa wanaanzia wapi? Walikunywa chai wakitazama mapazia yangu.

Ndipo nikamwona Mama Fanisi anaingia kwa lango, kuku kwapani, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Nikatoka mbio kumpokea, kisha nikasimama katikati ya uwanja. Nikimpokea huyo kuku, waliotii watasema nimewadanganya. Nikimkataa, nitakuwa nimemtukana mtu mzima. Nikabaki hapo kama mti.

"Nimesikia mmekataza zawadi kwa sababu yangu," alisema polepole. Sijui ni nani aliyemwambia. Kijiji hakina mlango. "Mama Eliza," akaniita, "huyu mtoto nilimnyonyesha. Nilikuwanga na kitu cha kumpa wakati nyinyi hamna. Leo nani amesema sina?"

Nikamwambia tulitaka tu asiaibike tena.

"Siku ile ya mwiko, aibu ilikuwa ya waliocheka," alisema. "Leo mmenitwika mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliacha kuja kwetu.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje aniambie pole."

Njia ya kwake ni fupi, naipita nikienda kanisani, na muda huo wote sikuwahi kukunja kona. Tuligeuza desturi nzima juu chini, na kilichotakiwa ni pole moja.

Ayuma alikuwa ametoka, akasikia. Akapiga magoti hapo nje na nguo yake ya sherehe, akampokea kuku kwa mikono miwili. "Pole, mama," alisema. "Ilinipasa kuja kwako kwanza."

Tukaingia ndani watatu na kuku. Mwanamke mmoja aliuliza kama katazo limeondolewa. Nikamtazama Ayuma, naye akanitazama mimi. Mwingine alitoka akaleta blanketi kutoka kwenye gari, akaona haya, akalirudisha, kisha akalileta tena. Mama Fanisi hakuwajali. Aliketi kando ya bibi harusi, akaanza kumwambia habari za ndoa, tamu na chungu, na polepole wengine wakasogeza viti. Kilichotolewa baada ya hapo kilitolewa kimyakimya, na hakuna kilichoinuliwa juu. Mpaka leo sijui kama sheria yetu ilivunjika au ilishika.

Hili moja ndilo ninalolijua, mwanangu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ukitaka kufanya sherehe bila zawadi, fanya, si dhambi. Lakini usimfungie mtu mlango wa kutoa kwa kumhurumia kabla hujamuuliza. Usitangaze cha mtu, kikubwa wala kidogo. Na mahali mtu alipoumizwa, usizunguke na hila nzuri nzuri. Nenda kwake, keti, sema pole.

Mungu akujalie nyumba ambayo hakuna aingiaye akajiona mdogo, na mikono inayojua kupokea kama inavyojua kutoa. Uende salama, uzeeke na wenzako.