Fisi Aliyepiga Kura

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ukerewe, na maisha yake yote hakutenganisha R na L. Kwake watu walipanga foleni asubuhi kupiga kula, na jioni wakakaa kura ugali. Mimi nilikua nikisema vilevile, mpaka shuleni nilipochapwa viganja nikaijua tofauti. Au nikadhani nimeijua.

Fumbo lilikuwa lake. Mtu amefika ufukweni akiwa na fisi, mbuzi na mzigo wa matembele. Mtumbwi ni mdogo, unambeba yeye na kimoja tu. Akiwaacha fisi na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na matembele, hatakuta hata jani. Avuke vipi, wote wafike ng'ambo?

Nilikuwa mdogo sana alipolitoa. Nilichora ziwa mchangani, nikamfanya fisi jiwe jeusi, mbuzi punje ya mahindi, na kila mara kulikuwa na aliyeliwa. Bibi aliendelea kuchambua dagaa. Hakunipa jibu. Alisema tu, "Mjukuu wangu, kurudi na ulichokwisha kukivusha si aibu." Nililia kwa hasira. Nilipofika darasa la tatu, siku moja nikiwa nachota maji, jibu likanijia, nikaacha ndoo nikakimbia kumwambia.

Nilikuwa binti mkubwa mwaka ule wa kampeni za vyama vingi nilipojiandikisha kwenye chuo kidogo cha kompyuta katikati ya mji wa Mwanza, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Soko huria lilikuwa limetumwagia kila kitu: mitumba, redio, sabuni za rangi zote, na sasa mashine sita zilizokuwa nyeupe kabla hazijafika kwetu. Nne zilikuwa za wanafunzi wa uchapaji, wote wasichana. Mbili zilikuwa za programu. Huko tulikuwa wanne, na mwanamke nilikuwa peke yangu.

Mwalimu wetu alikuwa Msukuma wa Sengerema aliyesomea Dar es Salaam. Alirudi na Kiswahili cha Dar, na hakutupa nafasi ya kukisahau.

"Ijumaa," alitutangazia sisi wanne, "kila mtu ataonyesha kazi inayofikiri. Sitaki za kujumlisha. Atakayeshindwa anahamia kwenye uchapaji, kuna watu wanasubiri hivi viti." Kisha akanigeukia. "Hasa wewe, binti. Una vidole vyepesi. Maofisi yanatafuta wachapaji."

"Sitafuti ofisi, Mwalimu."

"Unatafuta nini?"

"Jibu la fumbo."

Wanaume watatu walicheka. Mmoja wao, karani wa pamba aliyepunguzwa kazi, mtu mzima kuliko mwalimu, aliniuliza kama fumbo langu lina mshahara. Nilifungua daftari langu. Jibu nilikuwa nalo tangu darasa la tatu. Nilichotaka ni mashine ilipate bila kuambiwa. Nilitaka kile kisanduku kikae ufukweni kama nilivyokaa, kikosee, kirudi nyuma, kijaribu tena, mpaka kivuke. Na nilikitaka kile kiti. Sijawahi kutaka kiti namna ile.

Wiki nzima niliandika kwenye daftari nyumbani Butimba, nikitamka kila mstari kwa sauti kabla ya kuuandika. Niliipa mashine ng'ambo mbili, abiria watatu na sheria mbili za nani anakula nini. Kazi yake ilikuwa kujaribu kila safari, kuitupa iliyovunja sheria, na kuendelea na iliyobaki.

Ijumaa ilikuja. Nilichapa yote, nikabonyeza, kioo kikawaza kidogo, kisha maandishi ya kijani yakashuka:

CHUKUA MATEMBELE. RUDI. CHUKUA FISI. RUDI. CHUKUA MBUZI. SAFARI 5.

"Tano?" alisema karani. "Hilo fumbo hata mimi nalijua, dada. Ni saba. Halafu mbona mbuzi kaachwa na fisi tangu safari ya kwanza?"

Mwalimu aliinama, akapandisha maandishi mpaka kwenye sheria zangu, akazisoma kwa sauti ili hata wachapaji wasikie. "MBUZI KULA MATEMBELE. Sawa. FISI KURA MBUZI." Akagonga kioo kwa kidole. "Kura!"

Nilielewa papo hapo. Mashine ilikuwa inatafuta neno KULA. Sheria ya fisi ilisema KURA, basi ikaipita kama haipo. Bibi alikuwa ameniponyoka mdomoni, akashuka mpaka kwenye vidole.

"Fisi kampigia mbuzi kura!" Karani alipiga meza. "Dada, amegombea chama gani huyo mbuzi?" Chumba kizima kilivunjika mbavu. Kama kwa kusudi, chini barabarani gari la matangazo lilikuwa linapita na vipaza sauti vyake, likituomba kura.

"Sarufi kwanza, kompyuta baadaye," alisema mwalimu. "Hamia kule."

"Mwalimu, kipindi hakijaisha."

Alitazama saa ya ukutani. "Dakika kumi."

Nilihitaji sekunde mbili tu. Kufuta R, kuweka L, basi. Kidole kilikuwa kimeshafika. Kisha viganja vikaniwasha, vilevile kama zamani, na nikakiondoa. Sikuigusa ile R. Nilishuka chini ya sheria zile, nikaandika mstari mpya: neno likiwa KURA, lichukue kuwa ni KULA. Kama vile ungemwelekeza mgeni aliyefika nyumbani kwetu: huyu bibi akisema hivi, ana maana hii.

Nilibonyeza. CHUKUA MBUZI. RUDI. CHUKUA FISI. RUDI NA MBUZI. Hapo nilimsikia Bibi. CHUKUA MATEMBELE. RUDI. CHUKUA MBUZI. SAFARI 7.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliusoma mstari wangu mara mbili.

"Futa huu. Sahihisha herufi."

"Sifuti."

"Unasemaje?"

"Andika KULA, itavuka. Andika KURA, itavuka. Jaribu mwenyewe, Mwalimu."

Alivuta kiti. Aliandika KULA, ikawa saba. Aliandika KURA, ikawa saba. Shingo ilimvimba. "Lakini huwezi kuweka lafudhi ya kijijini ndani ya kompyuta! Hii sasa siyo plogramu, ni..."

Akakwama. Neno lilikuwa limeshatoka, likasimama katikati ya chumba na L yake ya Sengerema. Wachapaji waliacha kuchapa. Mimi niliyetoka kuchekwa sikucheka. Nilimtazama tu, na nilitaka ajue kwamba nimesikia.

Karani ndiye aliyefungua mdomo. "Sema tu, Mwalimu," alisema kwa upole. "Dada atakuongezea mstari."

Mwalimu alijaribu kukunja uso. Ukamshinda. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati lake la Dar, kisha akasimama na kunisukumia kiti.

"Kaa," alisema.

Nilikaa. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye kitufe cha kufuta, nami nikaufunika ule mstari kwa kiganja, pale pale kwenye kioo, mpaka akaurudisha mkono wake.