Mti Niliouzeesha kwa Mikono Yangu

Nawachukia watu wanaousogelea mti wangu na kusema "maskini". Jirani yetu ndiye aliyeanza. Ni mjane, anakamua mawese nyuma ya nyumba yake, na kila akipita ukutani alichungulia miti yangu kumi na mitatu mifupi, iliyopandwa kwenye sahani na kupangwa juu ya ubao, akasema miti hii iko na utapiamlo. Makapi yake aliyatupa upande wetu. Moshi wake ulinikohoza usiku na mchana. Nikimlalamikia ananijibu kwamba mwanamke mwenye akili zake analima mihogo. Simpendi, na nalisema mapema ili mtu asije akanifanya malaika huko mbele.

Kazi ya kufupisha miti nilijifunza Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, kwa mama mmoja wa Kihindi niliyekuwa namfulia nguo. Alikuwa mkali kama pilipili, na alinifundisha kwa kunipiga vidole. Niliporudi kwetu Rumonge nilikuta hapa ni kazi nyingine kabisa, maana kwenye joto la ziwa hili mti haulali hata siku moja. Ukifunga waya kwenye tawi leo, wiki chache tu umeshazama kwenye gome, na ukisahau kuufungua kovu halitoki. Udongo mtupu unaozesha mizizi, kwa hiyo natwanga matofali mabovu na kuchanganya na mchanga mnene wa ziwani, niliouosha mara tatu. Kiangazi namwagilia asubuhi na jioni. Sijaenda harusi ngapi kwa ajili ya miti hii, na watu wakasema naringa. Waseme.

Mmoja niliupenda kuliko yote. Ulikuwa umuvumu, mti ambao huku kwetu watu wameupanda mipakani tangu zamani, kwa sababu ukichomeka kijiti chake tu ardhini kinashika, na ukishashika hakuna wa kuubishia. Kijiti chenyewe nilikikata kando ya barabara ya Kigwena mwaka tuliorudi. Nikakiotesha, shina likinenepa nalikata, linachipua, nalikata tena. Upande mmoja nililichubua gome nikaacha mti ukauke mweupe, kama uliopigwa na radi. Baada ya miaka kumi na miwili ulifika gotini tu, lakini ukiutazama ungeapa kwamba ulimjua babu yangu. Hapo ndipo kiburi changu chote kilipokuwa.

Kaka yangu hakuwahi kuuliza habari zake. Yeye ni mkubwa wetu, parseli, yaani kiwanja cha baba, iko mikononi mwake, na mimi tangu nilipoachika nalala kwenye chumba cha nyuma kwa hisani yake, hisani anayonikumbusha kila tukikaa kula. Kati yetu na jirani kuna mtaro. Ng'ambo ya mtaro kuna michikichi minne ya yule mjane, iliyopandwa na mumewe, na bila hiyo hana cha kukamua. Kaka aliutaka ukanda huo ajenge duka linalotazama barabara. Alidai baba alipanda umuvumu wa mpaka ng'ambo ya michikichi kabla hatujakimbia. Uongo mtupu. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na umuvumu wa baba ulikuwa kwenye mtaro. Watu waliukata na kuufanya kuni sisi tukiwa Tanzania. Lakini sikusema kitu. Nilijiambia ugomvi wa wanaume na wajane haunihusu, na tena, acha yule mama naye aonje.

Kisha nikaenda Minago msibani, siku tatu. Niliporudi nikakuta pengo kwenye ubao. Kaka alisema wezi, akatikisa kichwa vizuri kabisa. Nililia kama mtu aliyefiwa mara ya pili, na yeye akanitumia soda ya kunipoza.

Jumamosi walikuja bashingantahe, wazee wa mtaa wanaoamua kesi za ardhi. Walikuwa watano, wakadai viti, wakadai kivuli, mmoja akaanza kusinzia kabla hata ya salamu kwisha. Kaka akawaongoza kupita michikichi, akafyeka nyasi kidogo kwa panga, na pale chini, umezungushiwa majani makavu na kuvu za kijani, palikuwa na umuvumu mzee wenye kovu jeupe. Mti wangu. Hasira ikanijaa mpaka nikasikia masikio yanavuma.

Mzee mmoja aliuliza mbona mfupi hivyo. Kaka alijibu bila kupepesa kwamba mbuzi wa jirani wanaula kila mwaka. Jirani akapiga kelele kwamba mti huu anaujua, unakaa kwenye sahani ukutani kwa dada yake. Wazee wakacheka. Mti mzee hivi, kwenye sahani? Walilipapasa shina, wakaonyeshana kovu, wakakubaliana kwamba huu umewaona wengi wakizaliwa. Kila nilichokifanya kwa miaka kumi na miwili kilikuwa kinamtolea kaka ushahidi.

Jirani alinigeukia. Hakuniomba, alinitazama tu, uso umemvimba, mikono bado ina mafuta. Kaka naye akasogea, akaniinamia sikioni kama anayenipa pole.

"Kumbuka unalala wapi," alisema.

Pengine kama kaka angeniomba ningenyamaza. Naujua moyo wangu, si mzuri. Lakini kuniibia mti, kunipoza kwa soda, kisha kunitishia kwa godoro!

"Wazee," nikasema, "mti huu nimeuzeesha mimi."

Hawakuniamini. Aliyekuwa anasinzia aliamka ili anikaripie, akaniambia mama, mti unazeeka wenyewe, tuache tufanye kazi. Basi nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole pembeni ya shina, nikalishika na kulivuta. Mti wa mpaka hata ng'ombe wawili hawaung'oi. Huu ulitoka mzima kwa mkono mmoja, mizizi imelala bapa kama chapati, mviringo wa sahani unaonekana, na vipande vya tofali vimeshikana nayo. Nikawapitishia puani mmoja mmoja. Halafu nikawaonyesha baba alipopanda wa kwake.

Hukumu haikuchukua hata nusu saa. Ukanda ni wa mjane, mpaka ni mtaro, na kwa kuwa sasa mtaa mzima unaujua umuvumu huu, upandwe hapo hapo mtaroni leo, pande zote mbili zikiwepo, ili maneno yaishe. Nilikataa. Niliwaeleza kwamba ukiingia ardhini, mvua mbili tu utakuwa mti kama miti mingine, kila tawi nililolikunja litapotelea juu huko, na miaka yangu kumi na miwili itakuwa bure. Mzee akaniambia nitafanya mwingine. Nilimtukana kimoyomoyo, tusi ambalo siwezi kuliandika.

Jirani alileta jembe, akachimba yeye mwenyewe, hakunipa hata murakoze, asante ya kwetu. Sikuitaka. Mimi ndiye niliyeushusha shimoni, nikaitandaza mizizi kwa mikono, maana nisingevumilia mwingine aivunje. Wazee wakamwamuru kaka alishike shina lisimame wima. Alilishika. Mimi nikashindilia udongo kwa miguu, tumekaribiana mpaka nikasikia jasho lake, na hapo ndipo aliponiambia, taratibu, wasisikie, kwamba kufika magharibi asinikute kwake. Nikaendelea kushindilia, mbele na nyuma, mpaka mti ukasimama bila kushikwa, ndipo nikaenda kufunga nguo zangu.