Sifuri ya Siku ya Mapazia

Fundi cherehani huyu aliweza kuona pindo lililopinda kwa upana wa uzi, lakini ripoti ya shule aliisoma mahali pamoja tu: kwenye nafasi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Enzi zake wa kwanza alipigiwa makofi, wa mwisho alichekwa, basi. Kwa hiyo mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alipoleta ripoti ya kidato cha pili, fundi alisimamisha cherehani na kutafuta namba. Ishirini na sita. Muhula uliopita alikuwa wa pili.

Kwa bahati mbaya, kwenye benchi alikaa Mama Redio, jirani aliyekuja kupunguziwa sketi. Jina hilo hakulipata bure: ukikohoa mbele yake asubuhi, jioni mtaa mzima unakupa pole.

"Mimi nainama hapa mpaka mgongo unalia," fundi alimwambia mdogo wake, "wewe unakwenda shule kupasha dawati joto? Hata huyu mwanangu wa miezi tisa angekushinda."

Mama Redio akacheka, akasema watoto wa siku hizi wanasomea simu. Msichana hakujibu. Alimwinua mtoto mkekani, akampangusa udenda kwa kiganja, akatoka naye nje. Kimya kile fundi alikiona kiburi, kikamuudhi kuliko namba yenyewe.

Jumatatu alimfunga mtoto mgongoni, akaenda shuleni kulalamika. Mkondo wa sayansi ulichukua ishirini wa kwanza tu, na mdogo wake alitaka kuwa mfamasia tangu alipokuwa akijaza vifungo kwenye chupa tupu za dawa na "kumtibu" kila mteja aliyeingia.

Mwalimu wa darasa, kijana mpole, alifungua daftari kubwa. Akaeleza kwamba alama za masomo yote manane hujumlishwa, mwenye jumla kubwa akakaa juu, wengine wakafuata. Kidole chake kikasimama kwenye hesabu.

"Hapa ana sifuri, mama. Hakufanya mtihani. Alisema tumbo lilimuuma, lakini hakuleta cheti cha zahanati. Angepata hata hamsini, angekuwa kwenye tano bora."

Fundi aliuliza ilikuwa siku gani. Mwalimu akataja tarehe.

Ilikuwa siku ya mapazia ya nyumba ya wageni. Madirisha kumi na manne, mwenye mali kasimama mlangoni, mtoto anaota meno na kulala hataki. Msichana alikuwa amekwisha kuvaa sare. Fundi akamwambia abaki amshikie mtoto. Msichana akasema kuna mtihani. "Sema tumbo limekuuma," fundi alimjibu, pini mdomoni, bila hata kugeuka. Mapazia yakaisha, na siku ile ikamtoka kichwani kama uzi unavyochomoka kwenye sindano.

"Mwalimu," alisema, "tumbo halikumuuma. Mimi ndiye niliyemzuia."

Mwalimu alimpa karatasi ayaandike hayo. Fundi akaandika mistari mitatu, herufi kubwa kubwa. Akauliza kama kweli hii nafasi ina maana yoyote. Mwalimu akajikuna shingo, akasema baada ya miaka miwili hakuna atakayeuliza mtu alikuwa wa ngapi, ila mlango wa sayansi unafunguliwa kwa namba hiyo hiyo. Ripoti haitabadilika. Lakini wanaochagua mikondo watakaa Ijumaa. Msichana afanye mtihani wa hesabu Alhamisi, nao wataupokea.

Aliporudi alimkuta mdogo wake akipiga pasi. Mama Redio naye alikuwa ameshafika kuulizia sketi yake. Fundi angeweza kungoja aondoke. Lakini matusi yale hayakumngoja aondoke.

"Mdogo wangu, ile sifuri ni yangu. Nilikuzuia mimi siku ya mapazia, halafu nikakusema mbele za watu. Nisamehe."

Msichana aliendelea na pasi mpaka mwisho wa mkono wa shati.

"Nilidhani unakumbuka, dada," alisema. "Nilidhani unajua, na bado unanigombeza."

Fundi alichukua chaki, akaandika ukutani, pale anapoandika siku za wateja: Alhamisi, hesabu. Mama Redio alipouliza kwa sauti ndogo kama sketi itakuwa tayari Alhamisi, akaambiwa siku hiyo fundi anashika mtoto.