Wafalme wa Jina Letu

Wiki tatu za kwanza, mzee wa mtaa wa Evere hakukubali nimguse. Nilikuwa natumwa kwake na shirika la wahudumu wa majumbani kila asubuhi kumwogesha, kumvalisha na kumpa dawa, na kila asubuhi alishika ukingo wa kitanda akaniambia kwa upole kwamba ataoga kesho. Alikuwa dereva wa tramu mstaafu, mjane, miguu imekwisha nguvu. Daktari alishamwonya kwamba mifupa yake haitastahimili kuanguka. Wenzangu wawili walikuwa wameshindwa naye. Mimi nilikuwa mgeni katika kazi hiyo, nimetoka Bukavu kwa njia ya ukimbizi, na niliogopa kwamba nikishindwa na huyu sitapewa mwingine.

Asubuhi moja aliniuliza jina langu. Hakutaka la ukoo, ambalo watu wa hapa walikuwa wakilivunjavunja, alitaka la ubatizo. Nilipomtajia, akaachia ukingo wa kitanda. Lilikuwa jina lake pia. Nikamweleza kuwa kwetu mtu mwenye jina kama lako unamwita "majina", na kuanzia hapo ni kama ndugu. Nikamweleza pia kwamba babu yangu alilitoa kwenye kalenda ya misheni siku niliyozaliwa, na kwamba miaka yote nimelivaa kama koti la mtu mwingine.

"Ni koti la wafalme," akasema. "Kaa nikuambie."

Ndipo niliposikia habari za mfalme wa Ufaransa wa jina letu, wa zaidi ya miaka mia sita iliyopita, ambaye akili ilimharibikia akaamini kuwa mwili wake ni wa kioo. Alikataza watu wasimkaribie. Ilisemekana hata alishonewa vyuma ndani ya nguo ili asivunjike. Mzee alisimulia vizuri, anacheka mwenyewe. Kisha akatazama mikono yake.

"Na mimi nimekuwa hivyo hivyo," akasema.

Akainyoosha mikono mbele yangu kama mtoto anayesubiri kuvuliwa shati. Siku hiyo nilimwogesha. Maji niliyapima kwa kiwiko mara mbili, na mgongo nilimkausha taratibu.

Baada ya hapo kila asubuhi ilikuwa na mfalme wake. Alikuwa amewasoma kwenye tramu: akifika mwisho wa njia alikuwa na dakika chache za kupumzika, na badala ya kuvuta sigara alifungua kitabu cha maktaba. Kulikuwa na aliyeitwa Kipara, ambaye pengine hakuwa na kipara. Kulikuwa na Mnene. Kulikuwa na yule aliyekuwa na haraka ya kwenda kutazama mchezo, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango mfupi, na kabla siku haijaisha akawa amekufa. Mlango wa jikoni wa mzee ulikuwa mfupi na mimi ni mrefu, kwa hiyo kila nilipokwenda kuchemsha kahawa nilimsikia kutoka chumbani akinikumbusha kuinama, maana familia yetu imeshapoteza mmoja kwa namna hiyo.

Nilimuuliza kwa nini walipeana jina moja kizazi hata kizazi. Akasema kila baba alitumaini mtoto atafanana na yule mfalme mkuu wa kwanza wa jina hilo. Mara nyingi haikusaidia.

Mke wangu alicheka sana na habari hizi. "Bon, unaenda tena kwa majina wako?" aliniuliza kila nilipovaa viatu. Jumamosi moja alirudi kutoka maduka ya Kiafrika ya barabara ya Chaussée de Wavre na majani ya muhogo, akapika sombe, akanifungia kibakuli nimpelekee. Mzee alikula yote. Nilikuwa nimeshaanza kumwita papa, yaani baba, kama ninavyomwita mtu yeyote wa umri wake, na yeye hakunisahihisha.

Kitu pekee alichonisahihisha ni Kifaransa changu. Palikuwa na daftari ambamo sisi wahudumu tuliandika hali ya mgonjwa kila siku. Nilipolifungua asubuhi nilikuta makosa yangu yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika sentensi ilivyopaswa kuwa. Mwanzoni niliona aibu. Kisha nikaanza kuandika maelezo marefu zaidi ili nipate masahihisho mengi.

Majira ya baridi alianguka jikoni. Hakuvunjika, lakini binti yake aliogopa, akamsihi ahamie nyumba ya wazee. Alikataa wiki baada ya wiki, hadi binti akaacha kupiga simu. Halafu, bila maelezo, akaniomba nimpeleke mjini, kwenye magofu ya kasri la zamani yaliyo chini ya ardhi, chini ya uwanja wa Place Royale. Nilikwenda naye siku yangu ya mapumziko. Kiti cha magurudumu alikiacha juu kwa hiari yake, tukashuka ngazi moja moja, ameniegemea bega, mkono wa pili kwenye fimbo.

Chini kulikuwa na baridi na kuta za mawe. Akanieleza kwamba katika ukumbi wa kasri hili mtu mkubwa kuliko wote wa jina letu, kaizari, alisimama mbele ya wakuu wa nchi akaacha utawala. Hakuwa hata na miaka sitini, lakini ugonjwa wa jongo ulikuwa umemmaliza. Aliegemea bega la kijana mmoja, akasoma maneno yake, akalia, na waliomsikiliza wakalia.

Nilihisi uzito wake ukiongezeka begani.

"Yule alikuwa na nusu ya dunia, akaiachia," akasema. "Mimi nina vyumba vitatu."

Jioni hiyo alimpigia simu binti yake.

Aliishi miaka miwili katika nyumba ya wazee. Sikuwa tena mhudumu wake, lakini nilimtembelea Jumapili baada ya misa, na nilipojiandikisha kusomea uuguzi, alinikagulia kazi zangu zote za kuandika, kwa kalamu ile ile nyekundu. Nilipofaulu aliwaambia wazee wenzake mezani kwamba mmoja wa ukoo wetu hatimaye amefanya jambo la maana.

Kwenye mazishi yake binti alinikalisha safu ya mbele. Padri aliposoma jina la marehemu, akimkabidhi kwa Mungu, nilishtuka nikainua kichwa kana kwamba nimeitwa. Nje, binti alinishika mikono akanishukuru kwa uvumilivu wangu, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu mgumu. Nilitaka kumweleza kwamba mwenye deni la shukrani ni mimi, kwamba niliingia nyumbani mwao nikiwa mtu anayeogopa kusema jina lake mwenyewe. Lakini nilimwambia tu kwamba baba yake alinifundisha kuandika, naye akaitikia kwa kichwa akilia. Kisha nikaenda hospitali, maana nilikuwa na zamu ya mchana.