Mjomba Aliyevaa Nyeupe

Juzi kliniki, mwanangu alilia alipomwona nesi, na nesi akafoka, "Mshike huyo, asinipotezee muda!" Nilitaka kumrukia. Badala yake nikamkumbuka mjomba.

Kwetu Ngorongoro wanajeshi tuliwajua kwa sare za kijani. Mchana mmoja, nikiwa mtoto mdogo, mjomba alishuka kwenye lori amevaa nyeupe tupu, vifungo vya dhahabu, ananukia sabuni na polishi. Mimi nyeupe niliijua kwa wachoma sindano tu. Nikakimbilia zizini, nikajibanza nyuma ya ndama nikipiga mayowe.

Koko, bibi yangu, alicheka. "Toka huko! Huyo ni mjomba'ko, askari wa majini!"

Majini wapi? Maji niliyoyajua mimi yalikuwa ya kunyweshea ng'ombe.

Mjomba hakucheka. Aliingia zizini na sare yake ya gwaride, akapiga magoti kwenye samadi mbichi, akafungua viganja. "Tazama, mama. Sina sindano."

Nikamwendea. Alinibeba huku magoti yake yamechafuka kabisa.

Nesi alikuwa na sindano kweli, hilo najua. Lakini nilimwambia, "Inama kwanza, umsalimie." Akanikodolea macho. Sikumpa mtoto mpaka alipoinama.